Biwi la Majivu Chini ya Mparachichi

Bustani ya marehemu shangazi yangu huko Lushoto ilikaa miaka minne bila jembe. Waliopanga nyumba walichomea taka zao mahali pamoja, chini ya mparachichi, wakaacha biwi la majivu linalofika magotini. Mdogo wangu alikuwa ameshashika beleshi alitawanye kwenye matuta. Nikamzuia, maana hatukujua kimechomwa nini.

Tulilikata kwa ubavu ili tuone matabaka. Juu kulikuwa na majivu meupe, laini, ya matawi ya mikaratusi. Chini yalikuwa meusi yenye vinundu: plastiki iliyoyeyuka, nyaya, betri, na vipande vya nguzo za kijani zilizotiwa dawa. Dawa ya nguzo hizo huwa na shaba, kromi na aseniki, na moto hauviteketezi, vinabaki majivuni. Tabaka hilo lote tulililowesha vumbi lisipeperuke, tukalitia kwenye viroba kwenda dampo. Hata konzi moja isingefaa kwenye mchicha.

Ya juu tuliyachekecha yakiwa makavu, tumevaa barakoa na glavu, kwa kuwa majivu yakikutana na jasho huunguza ngozi. Sumaku ya spika mbovu ilinasa misumari. Vigae vya chupa tuliviokota kwa mkono. Zikapatikana ndoo mbili tu za lita 20.

Zilitosha. Wengi huyaita majivu mbolea, lakini kazi yake inafanana zaidi na chokaa: yana kalsiamu na potasiamu, ila naitrojeni imekwenda na moshi. Udongo mwekundu wa Usambara una tindikali, kwa hiyo unayapokea vizuri, gramu 70 hivi kwa mita ya mraba. Pwani, kwenye udongo wa matumbawe, nisingeyaweka kabisa: mmea hushindwa kupata chuma, majani yakawa manjano. Tuliyaepusha pia na tuta la viazi, ambavyo hupata ukoko, na hatukuyachanganya na samadi mbichi, kwani huifukuza naitrojeni yake hewani.

Kupima udongo wa palipokuwa na biwi, tulipanda maharage 10 kwenye kopo la udongo huo, na mengine 10 kwenye kopo la udongo wa mbali. La kwanza liliotesha matatu, ya manjano. Tumekwangua udongo wa juu mahali hapo, tukafukia samadi iliyooza, na hapapandwi kitu msimu huu. Mparachichi umekauka upande ulioelekea moto. Matawi mawili tumeyakata.