Mahadhi Yaliyowekwa Akiba

Ukiombwa sasa hivi upige mluzi wa muziki wa Iron Man, huenda ukakwama, hata kama filamu zake zote umezitazama. Usijilaumu. Filamu zile tatu zilipewa watunzi watatu: Ramin Djawadi mwaka 2008, John Debney 2010 na Brian Tyler 2013, na kila mmoja alikuja na mahadhi yake. Thor naye yalimkuta hayohayo. Marvel walikuwa hodari wa kuunganisha hadithi, lakini masikio yetu waliyaacha yatangetange.

Sehemu ya chanzo iko kwenye chumba cha uhariri. Kabla mtunzi hajaitwa, wahariri hubandika muziki wa muda kutoka filamu nyingine ili wapime mwendo wa tukio. Mwongozaji anausikiliza wiki baada ya wiki mpaka unamkaa kichwani. Mtunzi anapofika, anaambiwa alete kitu kinachofanana na kile. Katika mazingira hayo, kulinda mahadhi mamoja miaka saba si kazi ya mchezo.

Lakini yapo yaliyolindwa hivyo: ya Avengers, ambayo Alan Silvestri aliyatunga mwaka 2012. Unayakumbuka: mashujaa sita wamepeana migongo katikati ya barabara ya New York, kamera inawazunguka, na tarumbeta zinapanda ngazi kwa ngazi juu ya fidla zinazokimbia. Ni mahadhi mepesi kuyashika, na wepesi huo ndio uliyaokoa, kwa sababu yaliweza kukatwa vipande bila kupoteza sura. Mwaka 2015, kwenye Age of Ultron, Danny Elfman aliyachukua akayajengea ghorofa juu yake. Kwangu mimi ghorofa hilo lilizidi mapambo, ila msingi haukuguswa.

Silvestri aliporudi mwaka 2018 kwa Infinity War, alikuwa bahili. Kwenye kituo cha treni huko Scotland, treni inapita, kivuli kinaonekana ng'ambo ya reli, Captain America anajitokeza, na mahadhi yanamlaki. Kisha filamu inafika mwisho, nusu ya viumbe wanageuka vumbi, na muziki karibu unyamaze kabisa. Mtunzi mwingine angetumwagia fidla za kilio. Yeye alijizuia.

Faida ya akiba hiyo ililipwa mwaka mmoja baadaye, katika Endgame, filamu ya 22 ya mfululizo wa Marvel. Captain America amebaki peke yake mbele ya jeshi la adui wao Thanos, ngao imevunjika. Sauti ya rafiki yake Sam inamfikia redioni. Duara la cheche za manjano linafunguka, anatoka T'Challa na wenzake, halafu maduara mengine yanafunguka kila upande. Sikiliza chini ya picha. Muziki unaanza kwa sauti ya chini, kifungu kifupi kinajirudia, kila mara kikiongezewa ala na kupandishwa kidogo. Mahadhi ya Avengers hayajaja. Majeshi yamejipanga, bado hayajaja. Nyundo ya Thor inatua mkononi mwa Captain, anatamka amri kwa sauti karibu ya kunong'ona, na hapo ndipo okestra nzima inaachia. Ukumbi mzima ulikuwa umeyangoja bila kujua kwamba unangoja. (Aliyetazama ile iliyotafsiriwa na DJ wa kibanda cha video alipata utamu wa aina nyingine, ila hapa msimuliaji na tarumbeta hawawezi kusikika kwa pamoja.)

Wapo wengine waliojifunza adabu hii. Mwaka 2021 Michael Giacchino alipokea mtihani mgumu kwenye Spider-Man: No Way Home: Spider-Man watatu, na kila mmoja alishatungiwa muziki na mtunzi wake. Tobey Maguire alikuwa na wa Danny Elfman tangu 2002, Andrew Garfield na wa James Horner tangu 2012, na Tom Holland na wa Giacchino mwenyewe. Angeweza kuwavika wote nguo yake. Badala yake aliwaruhusu wageni waingie na mahadhi yao. Horner alishafariki kwa ajali ya ndege mwaka 2015, lakini Garfield anapotokea, muziki wa marehemu unapita. Ni sekunde chache tu, na mwenye pupa hausikii.

Na si kila uzi ulisokotwa na okestra. Katika The Winter Soldier ya 2014, Captain anaingia nyumbani kwake akakuta santuri ya zamani ya Harry James ikicheza gizani. Wimbo huohuo unarudi mwisho wa Endgame, anapocheza na mpenzi wake Peggy ile ngoma aliyomwahidi tangu filamu ya 2011.

Basi ukiitazama tena Endgame, usizime majina yanapoanza kupanda. Mwishoni kabisa hakuna tukio la nyongeza wala muziki. Kuna mlio wa nyundo juu ya chuma: ni Tony Stark akifua vazi lake la kwanza la Iron Man pangoni, mwaka 2008.