Mgeni na Jembe: Kuhusu Albamu « Kinshasa Succursale » ya Baloji

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Methali hiyo inatusaidia kupima albamu « Kinshasa Succursale », aliyoitoa Baloji mwaka 2010.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mdogo sana, akakulia kule mbali na mama yake. Alipokuwa mtu mzima, mama akamwandikia barua. Albamu yake ya kwanza, « Hôtel Impala », ilikuwa jibu la barua ile: maisha yake, wimbo kwa wimbo. Kisha akabeba sehemu ya hadithi hiyo mpaka Kinshasa, akaipiga upya pamoja na wenyeji. Kwa hiyo « Kinshasa Succursale » siyo nyimbo za kuokota huku na huku. Ni safari moja ya mtu anayerudi kwao.

Walioshiriki ni wengi: Konono N°1 na likembe zao za umeme, Zaïko Langa Langa iliyoanzishwa mwaka 1969, Chorale de la Grâce, na wengine. Lakini tukiangalia vizuri, mgeni ni nani? Ni Baloji mwenyewe. Katika « Karibu ya Bintou », likembe ndizo zinaongoza; yeye anakimbiza maneno yake kwa mwendo wao. Amepewa jembe, na analima.

Wimbo « Le Jour d'après », wenye jina la pili « Siku ya Baadaye », unarudia « Indépendance Cha Cha », ambao Grand Kallé na African Jazz waliuimba Bruxelles mwaka 1960, wakati wa Table Ronde. Kallé aliimba furaha na kuwataja viongozi. Miaka 50 nyuma ya pale, Baloji anauliza: na kesho yake ilikuwaje? Hilo ni swali la mtoto kwa wazazi wake, na sisi wa Uvira tunalijua sana.

Tuko na lawama moja. Kiswahili kinatukaribisha mlangoni, kwenye majina ya nyimbo, lakini ndani ya nyumba maneno mengi ni Kifaransa, tena cha mbio. Mama wa Kalundu anayeuza ndagala ataicheza ngoma, hadithi itamupita. Ni hasara, maana hadithi yenyewe ni ya mama.

Hata hivyo vijana wetu wa muziki wajifunze hapa. Wengi wanaita mwimbaji mwenye jina kusudi wimbo uuzike. Anakuja, anatupa mabanga mawili matatu, anaenda. Jioni za hadithi kando ya ziwa hazikuwa hivyo: msimuliaji alianza, watu wakaitika, na bila kiitikio hadithi haikusonga. Ukimwita mtu katika wimbo wako, mpe sehemu ya hadithi ambayo wewe peke yako huwezi kuisema. Kama hauna sehemu hiyo, afazali uimbe peke yako.