Barua za Yambuya: Nani Alimwelewa Nani?

Msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria (1887–1889), umeacha barua na shajara nyingi. Zile za Meja Barttelot na Jameson, waliofia Kongo mwaka 1888, zilichapishwa London mwaka 1890 na jamaa zao, ili kuwatetea dhidi ya lawama za Stanley. Mwanafunzi azisome akijua hivyo: ni utetezi.

Kasoro yake kubwa, hata hivyo, ni ya lugha. Msafara ulichukua watu zaidi ya 600 Unguja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Barttelot, aliyeachiwa kambi ya Yambuya kando ya mto Aruwimi, hakuijua. Anapowaita wapagazi wavivu, tujiulize alisikia nini hasa kutoka kwao. Wengi wao walikufa pale kwa njaa na maradhi.

Upande wa pili tunao katika Maisha ya Tippu Tip, yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Maofisa wanamshutumu kwa kuchelewesha wapagazi aliowaahidi. Yeye anasema Stanley hakumpa baruti waliyoagana. Naye pia anajitetea, na alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Kwa hiyo tusisomeshe kitabu kimoja peke yake. Tuviweke pamoja darasani, kisha tuulize: mpagazi mwenyewe yuko wapi? Kote anasemewa. Kuliona pengo hilo ndiyo kazi ya mwalimu wa lugha.