Android au iPhone kwa Anayeanza Kuunda Programu za Simu?

Baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili hutuuliza waanze na mfumo upi wa simu, kwa kuwa wanataka kuunda programu ndogo ya kufundishia ngeli. Nia hiyo tunaipongeza. Majibu wanayopewa vijiweni, hata hivyo, hutolewa kwa ushabiki kama wa timu za mpira. Sisi tunalitazama jambo hili kwa macho ya mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi.

Tuanze na iPhone. Lugha yake, Swift, iliyotolewa mwaka 2014, inasomeka vizuri na inampendeza mgeni wa fani. Lakini Xcode, chombo cha kuundia programu hizo, hufanya kazi kwenye kompyuta za Mac tu. Kuziweka programu dukani kunadai dola 99 za Marekani kila mwaka. Asiyelipa anaweza kuijaribu kazi yake kwenye simu yake mwenyewe, ila baada ya siku 7 programu hukataa kufunguka mpaka aipachike upya. Mwalimu mwenye darasa zima atafanya nini na zoezi la namna hiyo?

Android ina nafuu. Android Studio hukubali Windows, Linux na Mac. Ada ya duka ni dola 25, hulipwa mara moja. Ndiyo tunayoipendekeza, ingawa si kwa sifa za kupindukia. Inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 angalau, na hata hapo huenda mwendo wa kobe. Tena, tangu mwishoni mwa 2023, mwenye akaunti mpya ya binafsi hulazimika kwanza kupata watu wa kuijaribu programu yake. Sasa ni watu 12 kwa siku 14 mfululizo. (Darasa linatosha!) Mwenye kompyuta dhaifu aanze na App Inventor ya chuo cha MIT, ambapo programu hupangwa kwa vipande, bila kuandika msimbo.

Tatizo kubwa zaidi haliponywi na mfumo wowote. Yote miwili ina mahali pa kuweka maneno ya kila lugha. Kwenye Android ni folda iitwayo values-sw. Hapo umoja na wingi hutambuliwa kwa hesabu, lakini ngeli hazijulikani kabisa. Anayeanza huandika kiolezo kimoja, "imefutwa", akaacha nafasi ya nomino. Matokeo yake ni "kitabu imefutwa", na mbaya zaidi, "majina imefutwa". Katika programu inayodai kufundisha upatanisho wa kisarufi, hiyo ni aibu tupu.

Kila nomino ihifadhiwe pamoja na ngeli yake, na viambishi vichukuliwe kutoka kwenye jedwali: kimefutwa, vimefutwa, yamefutwa. Jedwali hilo liandaliwe daftarini kabla ya kufungua Android Studio, maana kulitia baadaye ni kupitia upya kila sentensi ya programu.