Kadi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Satwa, Dubai, ni mtaa wa mafundi cherehani. Nyuma ya Barabara ya 2 Desemba, ambayo wakazi wa siku nyingi bado wanaiita Diyafah, fundi hukupima, huandika vipimo daftarini, kisha hukata kipande kidogo cha kitambaa chako na kukibana kwenye nakala ya risiti. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa kompyuta, Mkenya anayefundisha watoto wa majirani, alipochota somo lake la hifadhidata.

Kompyuta haigusi kwanza. Anagawa kadi tupu, kila moja ya oda ya kubuni: jina, simu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, siku ya kuchukua nguo. Watoto wanaandika, yeye anazunguka, akihakikisha tarehe zote zimekaa kwa mpangilio mmoja. Kisha anauliza: "Nguo zipi zinachukuliwa Alhamisi?" Kadi zinapekuliwa moja moja. Anawaacha wachoke. Uchovu huo ameupanga.

"Mwalimu, Asha wako wawili!"

Hajibu. Anasubiri mpaka mmoja wao apendekeze kila mteja apewe namba isiyorudiwa. Halafu anatangaza kwamba Asha namba 4 amebadilisha simu. Asha huyo ana oda tatu: kadi mbili zinasahihishwa, ya tatu inasahaulika. Sasa ndipo anapotoa kadi za rangi nyingine. Wateja huku, oda kule, na kwenye kila oda namba ya mteja tu. Edgar Codd wa IBM alilichapisha wazo hilo 1970 kwa lugha ya hisabati. Hapa watoto wamelifikia kwa penseli. Kwangu mimi hakuna kazi ngumu katika ualimu kama hii ya kunyamaza na jibu unalo.

Ndipo kompyuta inafunguliwa. Anatumia SQLite, programu ya bure iliyomo hata ndani ya simu za wazazi wao. Majedwali mawili yanaundwa, oda zinaingizwa, swali la Alhamisi linaandikwa kwa mstari mmoja na jibu linatoka papo hapo. Anawataka walihakiki kwa kadi.

Katika kuhakiki, msichana mmoja anakuta kiuno cha inchi 320. Mwalimu halisahihishi kosa lenyewe. Anaunda jedwali upya, safari hii na sharti: kiuno kisizidi 80. Msichana anaandika tena 320; kompyuta inakataa. Anajaribu 81. Inakataa. Anaandika 32, inapokea, naye anauliza kama simu nayo inaweza kuwekewa sharti.