Fundi wa Ngozi

Turkana, mtu kubadili kazi si habari. Ukame ukimaliza mifugo, mchungaji wa jana huwa mvuvi Kalokol, mchoma makaa kando ya barabara ya Kitale, au mlinzi wa usiku mjini Lodwar. Wafadhili nao walijaribu kuwabadilishia watu kazi kwa saruji na majokofu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha samaki pale Kalokol, kwenye joto lile, nacho hakikudumu. Kwa hiyo kijana akitangaza nyumbani kwamba anaacha kunyoa au kuchora mabango ya maduka ili awe fundi wa tatuu, wazee hawashangai kwamba anaacha. Wanachonung'unikia ni kwamba hiyo ni kazi ya kuletwa, ya watu wa Nairobi.

Hapo ndipo ninapobisha.

Wafugaji wa ukanda huu walichora ngozi zao kabla Lodwar haijawa mji. Mwanamume wa Kiturkana aliyeua adui alichanjwa safu za chale begani na kifuani. Wanawake walichanjwa kwa urembo. Mwiba uliinua ngozi, wembe ukakata kile kilichoinuka, na kidonda kilipopona kikabaki kinundu kama punje ya mtama. Kazi hiyo ilitokana na kuijua ngozi yenyewe. Ngozi nyeusi sana humeza wino, lakini haimezi kivuli. Jua la jioni likipiga kwa pembeni, kila kinundu hupata kivuli chake na safu nzima husomeka kwa mbali. Waliobuni chale walikuwa wameusoma mwanga wa nchi yao. Fundi wa leo anayenakili kutoka simuni maua ya mistari myembamba, yaliyobuniwa kwa ngozi ya Mzungu, hajausoma. Miaka michache ikipita, maua yake ni doa. Mkono wa Mturkana unataka mstari mnene, wino mweusi na nafasi kubwa zilizoachwa wazi.

Kaskazini zaidi, historia ya kazi hii inakwenda mbali. Jumba la makumbusho la British Museum lina mwili wa mwanamke wa Sudan wa karibu mwaka 700, ambaye pajani ana tatuu ya herufi za Kiyunani zinazounda jina la malaika mkuu Mikaeli. Nani basi atasema tatuu ilishuka na ndege kutoka Ulaya?

Ila shule kubwa zaidi ya ngozi iko Kakuma. Kambi hiyo ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika kwa maelfu, na leo, pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei, inakaliwa na watu zaidi ya laki mbili. Sokoni utaona Mnueri mwenye mistari sita iliyokatwa kutoka upande hadi upande wa paji la uso. Utaona mama wa Kihabeshi mwenye msalaba wa wino usoni, na Msomali aliyepakwa hina hadi kwenye viwiko, kwa kuwa Waislamu wengi huikataa tatuu na kuikubali hina. Wengi wa wale vijana wa 1992 waliondoka kwao wangali wadogo mno kuchanjwa, wakakulia kambini na paji tupu. Maelfu yao baadaye wakachukuliwa Marekani. Kuna waliolisikitikia paji hilo. Kisha Desemba 2013 vita vikazuka Juba, na mistari ya paji la uso ikawa njia ya kumtambua mtu wa kuuawa. Fundi yeyote wa Kakuma anapaswa kuyajua hayo kabla ya kuwasha mashine. Alama anayoiweka leo itasomwa na watu ambao yeye hatawaona kamwe.

Kazi yenyewe inaishi ndani ya kipimo kidogo mno. Wino lazima ukae kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita moja hadi mbili. Ukiishia juu ya hapo, utatoka na ngozi mfu. Ukizidi, utatawanyika na kuacha kovu. Mashine ya umeme, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1891 kwa jina la Samuel O'Reilly wa New York, aliyeigeuza kalamu ya umeme ya Edison, iliongeza kasi tu. Kina bado kinapimwa na vidole: mkono mmoja unavuta ngozi, mwingine unahisi pa kukoma. Ndiyo maana kazi hii inawezekana hata kwa sindano iliyofungwa kwenye kijiti, pasipo umeme.

Watu hudhani anayefaa kuhamia kazi hii ni mchoraji. Wapo waliofanikiwa hivyo: Mmarekani Don Ed Hardy alisomea uchapaji wa michoro, akakataa nafasi ya masomo Yale ili achore tatuu. Lakini mimi ningemchagua kwanza kinyozi, mpakaji wa hina au muuguzi. Hao wameshazoea kushika mwili wa mtu mwingine bila kuutisha, na wanajua kwamba ngozi ya shingo si ya kiganja. Kuchora watajifunza, hata kwa kutoboa ngozi ya mbuzi, ambayo Turkana haihitaji kuagizwa. Utulivu wa kumkatalia mteja ni mgumu zaidi kufundisha: mlevi, mtoto, au anayetaka jina la mpenzi wa mwezi huu shingoni.

Na kuna vumbi na jua. Ngozi iliyochorwa ni kidonda, na mteja wa Lodwar kesho yake huenda akachunga mbuzi kwenye joto la nyuzi zaidi ya 35. Fundi mwema huuliza kesho utakuwa wapi kabla ya kuuliza unataka picha gani. Kila mteja ana sindano yake mpya na glavu mpya, kwa sababu sindano ya kurudiwa hupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini.

Basi wewe unayefikiria kuiacha kazi yako uje kwenye hii, usianze kwa kununua mashine. Nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu, na kwa kawaida huchukua miezi sita. Muda huo utumie kujifunza kuvuta ngozi.