Juu ya "Nishani ya Taji la India"
Baadhi ya wafasiri huiita hivyo heshima ya wanawake iliyoanzishwa na Malkia Victoria tarehe 1 Januari 1878. Sisi hatuoni kuwa neno "nishani" latosha. Nishani ni kile kito cha almasi, lulu na feruzi kilichoning'inizwa kwenye utepe wa samawati. Heshima yenyewe ilikuwa jumuiya, na mwanamke aliingizwa humo. Uteuzi ulikoma mwaka 1947, lakini jumuiya haikukosa mwanachama hadi Malkia Elizabeth II alipofariki mwaka 2022. Jambo hilo "nishani" hailielezi. "Daraja" ndilo baya zaidi, maana heshima hii haikuwa na ngazi. Twapendekeza "Jumuiya ya Taji la India", na "nishani" ibakie kuwa jina la kito.